Dakika Tatu na Sekunde Arobaini na Tano

4 Agosti

Mpwa wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaporudia wimbo wa zamani ni kuiga sauti kabla ya kuiga pumzi. Wanasikiliza mwimbaji alikofika, hawasikilizi alikopumzika njiani. Najua nimeanza na somo kabla ya salamu. Nisamehe. Nimefundisha mafundi mitambo miaka thelathini na ugonjwa huo hauna dawa.

Haya, salamu. Sisi hatujambo. Goti langu limekuwa kama redio, linatangaza mvua kabla haijanyesha. Nimepaka rangi ukuta wa mbele, na mkaza mjomba wako anasema nimepaka kama mtu anayeficha ushahidi. Anakusalimu, na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama.

Jumanne nilikwenda maktaba. Yule dada wa kompyuta alinivisha hedifoni, akanifungulia wimbo wa mama yako jinsi mlivyouimba na wenzako wa mtandaoni. Niliusikiliza mara tatu. Mpwa wangu, umeimba vizuri. Beti la pili umeliimba kama mtu anayekunja nguo za mtu aliyesafiri. Mama yako angekaa chini asikilize.

Lakini mimi ni fundi, na fundi haachi kazi yake. Kabla ya neno lile la mwisho, “rudi”, pale juu kabisa, binadamu yeyote lazima avute pumzi. Mama yako alivuta, na kwenye santuri inasikika kama droo inayofunguliwa. Wewe hukuvuta. Sauti imetokea tu, kama mgeni aliyepita dirishani. Nilikata na kuunganisha kanda kwa wembe kabla hujazaliwa, kwa hiyo kiungo nakijua hata kikifanywa na kompyuta. Sikulaumu. Nauliza tu umerudia mara ngapi mpaka ukapata noti moja ya kubandika.

Na jambo lingine. Ulikuwa ukinitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili. Tangu Juni naletewa barua. Nazipenda, mwandiko wako ni wa mama yako mtupu. Lakini kwa nini?

Mjomba wako


19 Agosti

Mjomba, shikamoo,

Mkaza mjomba naye shikamoo. Mwambie sasa nakula nikiwa nimekaa, ila nakaa kwenye ukingo wa kiti. Binti yangu ameng’oka jino la mbele na anapiga mluzi kila akitaja jina langu. Kazini bado tunasaga vioo vya miwani, na fundi mkuu, yule tunayemwita Bwana Milimita, amekuwa mbaya zaidi. Juzi alipima chai yangu akasema kikombe kimeinama.

Ujumbe wa sauti ni kwa sababu maikrofoni ya simu imeharibika. Usijali.

Uliwahi kuuliza kikundi chetu kinafanyaje kazi. Tunaitwa Santuri za Nyumbani. Tuko arobaini na kitu, na hakuna aliyewahi kuwa mwimbaji wa kazi: yupo nesi, yupo mwalimu wa hesabu, yupo dereva wa lori ambaye ndiye mpiga gita wetu. Kila mmoja anarekodi sehemu yake kwake. Mimi hurekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo, maana makoti yanameza mwangwi. Kisha kiongozi wetu, Kijiko (alianza muziki kwa kugonga vijiko, na jina likaganda), anaunganisha sauti zote na kuziweka mtandaoni.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Tarehe 14 Desemba tunatimiza miaka mitano. Tutaimba moja kwa moja, watu wakituona, bila kukata wala kubandika. Mimi nimepewa wimbo wa mama, nifunge nao. Watu elfu sita wameshajiandikisha kutazama. Mjomba, elfu sita! Mama hakuwahi kuimbia watu wengi hivyo kwa siku moja.

Dereva ana swali nikuulize. Anasema wimbo huu haukai popote. Akiacha nyuzi za gita kawaida, santuri iko juu yake. Akizikaza nusu toni, bado iko juu. Akizikaza toni nzima, gita limeipita. Kijiko anasema watu wa zamani walilinganisha nyuzi kwa masikio tu. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye mitambo siku ile. Mlilinganisha vipi?

Mpwa wako


30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie binti yako mluzi huo asiupoteze, meno mapya yakiota hataupata tena. Hapa mvua imetimiza ahadi ya goti. Ndoo mbili sebuleni, na mkaza mjomba wako anazihamisha huku akitazama rangi yangu ya ukuta bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Umeniuliza kuhusu magita. Ni miaka arobaini na moja. Gita la kwanza lilikuwa na ufa karibu na shingo, umezibwa na nta. Mpigaji alivaa shati la mistari ya kijani, akakaa kwenye kreti la soda kwa sababu viti vilikuwa vinalia. Mama yako alisimama kushoto kwa nguzo, kavua viatu. Jinsi nyuzi zilivyolinganishwa, sikumbuki.

Sasa nikueleze kuhusu koo. Watu hudhani sauti inatoka kooni. Inatoka tumboni, koo ni mlango tu. Mlango ukisukumwa na pumzi ya kutosha unafunguka wenyewe. Ukiusukuma kwa bega, bawaba zinalegea. Kwa hiyo nakushauri ushushe wimbo. Ushushe karibu toni nzima. Hakuna sheria inayokataza. Wenzako mtandaoni wanashusha nyimbo kila siku na hakuna anayewaita wezi.

Tena ingekuwa vizuri zaidi uchague wimbo mwingine kabisa. Zipo nyingi nzuri.

Halafu niambie: simu yenye maikrofoni mbovu imerekodije wimbo kabatini?

Mjomba wako


21 Septemba

Mjomba, shikamoo,

Nimechelewa. Kazi zilikuwa nyingi, na binti aliugua tumbo siku nne. Amepona. Bwana Milimita alimtumia miwani ya karatasi.

Wenzangu wanaweza kushusha nyimbo kwa sababu si watoto wa waimbaji hao. Mimi nikishusha wimbo wa mama hata kidogo, unajua watu wataandika nini chini yake? Nakunakilia moja ya Juni, kabla sijabandika ile noti: “Mtoto kachukua sura, sauti kaiacha kaburini.” Imependwa na watu mia tatu na kumi. Mia tatu na kumi, mjomba. Kijiko aliifuta, lakini nilikuwa nimeshaisoma.

Mama aliifikia noti ile. Ipo kwenye santuri, kila mtu anaisikia. Damu yake ndiyo hii. Nikikaza nitaifikia.

Mafua yananisumbua kidogo, ndiyo maana nakunywa maji moto na kazini naandika kwenye kijitabu badala ya kuzungumza. Bwana Milimita anafurahi, anasema sasa nina maneno yaliyopimwa. Ni mafua tu.

Unakumbuka ufa, nta, kreti la soda na rangi ya shati, lakini hukumbuki nyuzi. Wewe, uliyekuwa ukiandika hata joto la chumba kwenye daftari?

Nina swali moja nililobeba tangu utoto. Sauti ya mama niliyoijua mimi ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu anayevuta meza sakafuni. Hakuniimbia hata siku moja. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba ilikuwa homa ya mapafu, mwaka mmoja baada ya santuri kutoka. Nimemuuliza shangazi mkubwa. Anasema hakumbuki mama kuugua homa yoyote.

Kuna jambo unalijua hujaniambia?

Mpwa wako


2 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Paa limezibwa.

Shangazi yako mkubwa alikuwa mbali miaka ile, hawezi kukumbuka kila kitu.

Mafua ya tangu Juni si mafua. Nenda kwa daktari wa koo. Usiimbe mpaka nikuandikie tena.

Mjomba wako


9 Novemba

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilikuwa na mistari sita. Wewe, mtu anayeeleza kitasa kwa kurasa mbili. Niliikunja nikaiweka nyuma ya picha ya mama na nikaimba wiki mbili nzima kwa hasira.

Tarehe 20 Oktoba, kabatini, nilipofika kwenye “rudi”, kitu kilikatika. Sikusikia maumivu, nilisikia ladha. Leso ilikuwa na doa jekundu, dogo kama kitufe cha shati. Nilikwenda kwa daktari wa koo. Aliingiza kamera nyembamba puani na kunionyesha kwenye skrini: nyuzi zangu za sauti zina vivimbe viwili kama punje za mchele, kimoja kila upande, na kimoja kilikuwa kinavuja damu. Ameniamuru wiki tatu za kimya kabisa, hata kunong’ona nisinong’one. Aliniuliza, “Unafanya kazi ya kupiga kelele?” Nikaandika kwenye kijitabu: nasaga vioo.

Basi, sasa unajua. Maikrofoni ya simu ni nzima.

Binti yangu amejifunza kusoma haraka kuliko darasa lake lote, kwa sababu mama yake anamkaripia kwa maandishi. Jana aliniandikia jibu: “Usinipigie kelele kwa herufi kubwa.”

Wiki tatu zinaisha kesho kutwa. Daktari anataka niendelee kupumzika hadi Januari. Amesema nikilazimisha kabla ya hapo, kovu litabaki, na sauti nitakayobaki nayo ndiyo hiyo. Nimemwandikia kwamba nimeelewa. Lakini tarehe 14 nitaimba. Mara moja tu. Noti moja. Nimeshaliamua hilo na sitaki mahubiri ya milango na bawaba.

Uliniambia nisiimbe mpaka uniandikie tena. Hukuandika.

Mpwa wako


17 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Leo sina habari za goti wala za paa.

Barua hii nimeianza mara nne tangu Oktoba, na mara zote nilijikuta naeleza mashine badala ya kueleza nilichofanya. Safari hii nitaeleza vyote viwili, maana ni kitu kimoja.

Santuri ndogo za wakati ule zilibeba dakika tatu na nusu kila upande. Zaidi ya hapo sindano ilianza kuruka. Mama yako aliimba wimbo wake mara moja tu, kavua viatu kama nilivyokuambia, na alipomaliza hakuna aliyesogea. Nikatazama saa: dakika tatu na sekunde arobaini na tano. Meneja wa studio akasema, “Kata beti la pili.” Lile beti, mpwa wangu. Sikuweza. Nikamwambia nipe hadi kesho.

Mashine ya kanda ina kijiti cha chuma kinachozunguka na kuvuta kanda. Kijiti kikiwa kinene, kanda inakwenda kasi. Nilikizungushia utepe wa gundi, tabaka kwa tabaka, mpaka wimbo ukaishia dakika tatu na sekunde ishirini na sita. Kisha nikaunakili hivyo, na nakala hiyo ndiyo iliyochapwa. Kanda ikienda kasi, sauti zote hupanda, za watu na za magita. Zilipanda toni moja kasoro robo, kwa hesabu ya karibu. Mwambie dereva masikio yake ni mazima. Wimbo ule haukai popote kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuupiga pale.

Mama yako hakuwahi kuimba noti ile. Hakuna mwanadamu aliyeiimba. Niliiimba mimi, kwa utepe wa gundi.

Siku redio ilipoupiga mara ya kwanza, tulikuwa jikoni kwa wazazi wako. Mama yako aliweka sufuria chini akasikiliza hadi mwisho. Akasema, “Mdogo wangu, nilikuwa na haraka kiasi hicho?” Nikamjibu, “Ulikuwa na furaha, dada.” Akacheka. Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja.

Kisha watu wakaanza kumwita majukwaani, na wote walikuja kusikia “rudi”. Bendi zilijifunza wimbo kutoka kwenye santuri, kwa hiyo zilipiga juu, naye akazifuata huko juu. Aliniambia, “Sijui nimekuwaje. Siku ile ilitoka yenyewe.” Akaanza kujifungia ajizoeze. Alijizoeza miezi mitatu. Siku moja alirudi anakwaruza, na sauti yake ya kwanza haikurudi tena. Homa ya mapafu niliibuni mimi, mezani kwa bibi yako, alipouliza watu wakiwepo. Mama yako alinitazama, hakunipinga. Nadhani aliona aibu kusema kwamba ameshindwa kuimba wimbo wake mwenyewe.

Nilikaa kimya mwanzoni kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Baadaye kwa sababu watu walinisifu kwa ile santuri. Baadaye zaidi kwa sababu kila mwaka uliopita ulikuwa mwaka mwingine wa kueleza. Alikufa akiamini kwamba aliwahi kufika mahali na akapotea njia. Wewe sasa unakwenda mahali hapo hapo, na ramani ni yangu.

Katika barua ya Agosti nilikuambia kosa la watu wengi ni kuiga sauti kabla ya pumzi. Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni kuiamini santuri kama shahidi. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

Kanda ya kwanza, ile kabla ya utepe, ninayo. Imekaa kwenye kopo la biskuti miaka yote hii. Nimeipitisha kwenye mashine yangu kwa mwendo wake halisi, na yule dada wa maktaba amenisaidia kuiweka kwenye flashi. Imo ndani ya bahasha ndogo iliyofungwa, pamoja na barua hii.

Mjomba wako


1 Desemba

Mjomba,

Kazini kwetu kioo kikikosewa kidogo tu, mtu anakanyaga hewa anaanguka ngazini. Ndiyo maana Bwana Milimita anapima mara tatu, na akigundua kosa baada ya mteja kuondoka, anatoka mbio barabarani na koti lake la kazi. Nimemwona. Mzee wa miaka sitini, anakimbia na kupunga mikono.

Wewe ulimvisha mama miwani isiyokuwa yake, ukasimama juu ya ngazi ukamwangalia akishuka.

Bahasha ndogo sijaifungua. Sijui kama nitaifungua. Tarehe 14 iko palepale. Labda nitaimba, na kule juu, ili angalau mtu mmoja wa damu yake aifikie kweli.

Binti hajambo.


7 Desemba

Mpwa wangu,

Yote uliyoandika ni sawa na sina la kuongeza juu yake. Sikuombi unisamehe. Msamaha huo ungekuwa mzigo mwingine juu ya koo lako.

Nimefanya jambo moja, na ni haki yako kulijua kabla hujaliona mwenyewe. Ijumaa nilikwenda maktaba nikaandika kwenye ukurasa wa kikundi chenu, kwa jina langu na kazi yangu, mahali ambapo wote elfu sita wanaweza kusoma. Nimeeleza utepe, kijiti, dakika na sekunde, na nilichomfanyia dada yangu. Kuhusu koo lako sikusema neno, hilo ni lako. Nimekimbia barabarani nikiwa nimechelewa miaka arobaini na moja, lakini nimekimbia.

Dada wa kompyuta alinisomea majibu kabla sijaondoka. Wapo walioniita mwongo, wapo walioniita mwizi wa sauti, na hawakukosea sana. Dereva wa lori aliandika, “NILISEMA MIMI! Miaka miwili mnaniambia sina masikio!” Nesi alisema ameuimba wimbo huo akiwa anafua, akiamini siku zote kwamba koo lake ni bovu. Kijiko aliandika kwamba yeyote atakayeuimba tarehe 14 atauimba kule alikouimba mama yako mwenyewe, na kwamba dereva ameshalegeza nyuzi.

Kwa hiyo juu kule hakuna tena anayekusubiri. Ukiamua kwenda utakwenda peke yako, na mama yako hayuko huko pia. Hajawahi kuwa huko. Yuko chini kidogo, ana nafasi, hana haraka hata kidogo. Kabla ya “rudi” anavuta pumzi ndefu kuliko ile unayoijua, na baada yake kuna kitu ambacho santuri ilikikata: anacheka, na anasema jambo moja, si kwangu. Wakati ule alikuwa na mimba yako ya miezi minne.

Kama utaimba mwezi huu au Januari au usiimbe kabisa, ni shauri lako na la daktari. Mimi nimebaki na jambo moja tu la kukuelekeza. Leo, ukiingia nyumbani, fungua ile bahasha ndogo, vaa hedifoni, na ukae kimya dakika tatu na sekunde arobaini na tano.